Sura ya Sita: Jina Lisilorudi

Ofisi yoyote ya serikali yenye kustahiki jina hilo, iwe ya Mkuu wa Mkoa mjini Njombe au ya Halmashauri ya Mji wa Makambako, huwa na masjala mbili: moja ya wazi, ambamo majalada ya likizo, ya madai na ya viwanja hupita mikononi mwa makarani mchana kutwa, na nyingine ya siri, ambayo aghalabu ni chumba kidogo chenye nondo dirishani na kabati la chuma ukutani, na ambayo karani wake, ijapokuwa mshahara wake haupiti sana ule wa wenzake, hupokea na kusajili barua zenye mhuri wa SIRI ambazo wakubwa wengi wa jengo lile lile hawaruhusiwi hata kuziona bahasha.

Mtu wa kukaa katika chumba hicho hachaguliwi kwa cheti chake cha shule peke yake. Hupekuliwa. Hujaza fomu inayomtaka aseme amezaliwa wapi na nani, amesoma wapi, nduguze ni akina nani na wanaishi wapi, na kama amepata kutiwa hatiani na mahakama yoyote. Kisha fomu huondoka mikononi mwake ikaenda kwa wale ambao mitaani huitwa watu wa kitengo, yaani maofisa wa Idara ya Usalama wa Taifa, idara ambayo kazi yake ni ya tangu siku za mwanzo za uhuru, lakini haikupata sheria yake yenyewe mpaka Bunge lilipotunga Sheria Namba 15 ya mwaka 1996. Baada ya hapo mwenye jina husubiri. Likirudi salama, hupewa barua yake na kula kiapo cha kutunza siri. Lisiporudi, haambiwi kitu, na kauli atakayoisikia kwa afisa utumishi, mwaka huu na mwaka ujao, ni ile ile ya upole, kwamba jina lake bado halijarudi.

Sura hii inamhusu mmoja miongoni mwa hao wanaosubiri: yule ambaye zamani alikosa kweli, si kwa kusingiziwa, akapata adhabu yake, kisha akatengenea. Habari ya mtu safi ni nyepesi, na ya mhalifu aliyebobea ni nyepesi zaidi. Bali huyu wa katikati amewatoa jasho wenye hekima wa mataifa makubwa kuliko letu, kwa sababu dola inayompima haitafuti kujua alichokifanya, ambacho tayari kimo katika hukumu, bali inataka kukisia atakachokifanya siku ambayo mtu mwenye fedha atamwita pembeni na kumwomba nakala ya karatasi moja tu.

Sisi tuliianza kazi hii kwa hofu, na hofu ile ilikuwa na sababu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, wakawatia nguvuni maofisa wao wa Kiingereza, na serikali changa ikalazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza ile ile iliyokuwa imeshusha bendera yake miaka miwili tu nyuma. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo huo likazaliwa lile tunaloliita leo JWTZ, ambalo vijana wake wengi wa mwanzo walitoka katika Umoja wa Vijana wa TANU. Upekuzi wetu, kwa hiyo, ulizaliwa ukiuliza kama mtu huyu ni wetu au si wetu. Lile swali jingine, gumu zaidi, la kama huyu aliyeteleza amekwisha kusimama, halikuwa na nafasi katika siku zile. Nalo halikuwa na nafasi gerezani pia. Sheria ya mwaka 1963 ya kuweka viwango vya chini vya adhabu ilimpa mwizi wa mali ya umma na mla rushwa kifungo kisichopungua miaka miwili pamoja na viboko 24, kumi na viwili siku ya kuingia na kumi na viwili siku ya kutoka, na mimi sijaona bado mtu aliyenieleza vizuri hivi vya kutoka vilikuwa vya nini, kama kweli kifungo kilichokuwa katikati kilitazamiwa kumbadilisha mtu.

Hata hivyo dola ile ile iliweza kusamehe, na kusamehe makosa makubwa kuliko ya wizi. Bibi Titi Mohamed, ambaye katika miaka ya hamsini aliwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU kwa wingi usiotarajiwa na mtu, alikamatwa mwaka 1969 kwa tuhuma za kula njama ya kuipindua serikali aliyoisaidia kuzaliwa, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Mwalimu Nyerere akamwachilia kwa msamaha. Leo barabara kubwa katikati ya jiji ina jina lake. Lakini tuangalie heshima ile ilirudi kwa sura gani: ilirudi kama sifa na kumbukumbu, wala haikurudi kama cheo. Msamaha ni kitu kimoja na amana ni kitu kingine, na Rais, ambaye kwa ibara ya 45 ya Katiba anaweza kumtoa mtu gerezani kwa sahihi yake, hana sahihi ya kuwaamuru watu wamwamini mtu huyo.

Kuaminiwa kwa mtu huamuliwa mtaani, na makaratasi hufuata nyuma. Hapa ndipo miji yetu miwili, iliyoachana kwa kilomita kama 60 tu, inapotoa somo ambalo sikulikuta katika kitabu chochote cha sheria. Njombe ni mji wa milimani, ulio karibu mita 2,000 juu ya bahari, ambako mwezi wa Juni na wa Julai watu hutembea adhuhuri wamejifunga makoti na kofia za sufu, na ambako koo za Kibena zimekaa mahali pamoja kizazi baada ya kizazi, hata mzee wa Lupembe akitajiwa jina la ukoo wako hukutajia babu yako, shamba la babu yako, na deni ambalo babu yako hakulilipa. Makambako si hivyo. Makambako ni njia panda: hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma huachana na ile iendayo Songea, hapo hupita reli ya TAZARA iliyokabidhiwa kwa nchi zetu mwaka 1976, na mji umekua kwa wageni, madereva wa malori, madalali wa viazi na mbao, wafanyabiashara wa Kikinga, mama lishe waliofuata madereva, na wapangaji wa chumba kimoja wanaokaa miezi sita kisha mlango ukakutwa na kufuli la mtu mwingine. Fomu ni moja, Idara ni moja. Lakini anayepekuliwa Njombe hupimwa na kumbukumbu ndefu mno, na anayepekuliwa Makambako hupimwa na kumbukumbu fupi mno.

Mpekuzi hafiki na gari la serikali. Hufika kwa mwenyekiti wa mtaa, au kwa balozi wa nyumba kumi pale ambapo ubalozi ungali na nguvu, amevaa kama mnunuzi wa parachichi, na mazungumzo huanza mbali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pole na baridi yetu."

Yatasemwa ya mvua, yatasemwa ya bei ya viazi, lumbesa italaaniwa kidogo kama ilivyo ada, na mwisho kabisa, mgeni akiwa amekwisha kuinuka nusu, ataulizia kijana fulani, kama yupo siku hizi, na kama ni kijana mzuri. Mzee naye si mtoto; alikwisha kumjua mgeni wake tangu pale alipokataa kuonja ulanzi. Katika dakika ile mustakabali wa kijana umo ulimini mwa mtu ambaye hakuapishwa, haandikiwi maneno yake mbele ya macho yake, na hatahojiwa kwa aliyoyasema. Kama ana kinyongo na baba wa kijana kwa ajili ya mpaka wa shamba, nani atajua? Kama kijana ni mchumba wa bintiye, nani atajua pia? Na mpekuzi asiporidhika atashuka kilabuni, ambako kila mtu ana habari na hakuna mwenye ushahidi, na ambako ile methali ya kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, hutumika kama kifungu cha sheria.

Tuchukue mfano wa kubuni, ambao hata hivyo si wa ajabu katika mkoa huu wa mbao. Kijana wa miaka 19 anafanya kazi katika yadi ya mbao Makambako. Bwana wake anampa kibali cha kusafirishia mbao ambacho tarehe yake imepita, na kijana, kwa kalamu yake mwenyewe, anaigeuza tano kuwa nane. Lori linasimamishwa kizuizini, karatasi inakaguliwa, kijana anakiri mahakamani, na kwa kuwa bwana ana wakili na yeye hana, anafungwa peke yake. Kosa ni la kughushi, tena hati ya serikali, nalo ni kosa la utovu wa uaminifu bila shubuha yoyote. Baadaye anarudi, anasoma jioni, anatunza hesabu za chama cha akiba na mikopo cha kanisa lake kwa miaka kumi na miwili bila kupotea hata shilingi mia, na akiwa na miaka 35 anapendekezwa kuwa karani wa masjala ya siri.

Kama kijana huyu aliishi Makambako na kuhamahama kama wanavyohama wakazi wake, mtaa hautakumbuka kosa lake hata kidogo. Lakini mtaa huo huo hautakumbuka pia ile miaka kumi na miwili, maana waliokuwa majirani zake wako Tunduma au Songea, na wa leo wanamjua kwa jina la mwanawe tu. Kitakachosema ni alama za vidole vyake kumi zilizochukuliwa siku ya kukamatwa, zile ambazo polisi huzitazama kila mtu anapoomba hati ya tabia njema, nazo hazizeeki wala hazijui kwamba mwenyewe amezeeka. Kama aliishi Njombe, kosa lake linajulikana na kila bibi wa sokoni. Ila hao hao waliomwona akipelekwa na pingu ndio waliomwona akihesabu sadaka Jumapili kwa Jumapili, na wanaweza, wakiulizwa vizuri, kueleza jinsi alivyorudi, alivyokataa kufanya kazi tena kwa bwana yule, na alivyomlipia mdogo wake ada. Mtu huikimbilia njia panda akidhani kusahauliwa ni salama yake, hali kusahauliwa huko kunamwondolea mashahidi wa toba yake na kumwachia shahidi mmoja tu wa kosa lake, aliye katika kabati Dar es Salaam.

Sheria zetu zinasema nini kwa mtu huyu? Zinasema mambo yasiyopatana. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi humtaka mwombaji asiwe na kumbukumbu zozote za uhalifu, na papo hapo asiwe na michoro mwilini, kana kwamba wino wa ujana na wizi wa ujana ni ndugu wa tumbo moja. Wala hayasemi kumbukumbu hiyo ikome kuhesabiwa baada ya miaka mingapi. Lakini Katiba, katika ibara ya 67, inamzuia kuwa mbunge mtu aliyetiwa hatiani na kufungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu katika miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu, na kwa maneno hayo peke yake, mwaka wa sita mlango umefunguliwa. Mkosaji yule yule wa karatasi ya mbao, asipoaminiwa kuwa karani, anaweza kugombea ubunge, akachaguliwa, akaapishwa Dodoma, akapangwa katika Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, na kuletewa mezani mambo ambayo masjala ya Makambako haitayaona abadani. Atakayesema kwamba hilo ni kosa la waandishi wa Katiba, mimi sikubaliani naye. Mgombea amesimama jukwaani, mpinzani wake ametaja kifungo chake kwa kipaza sauti, naye amejibu, na watu wamepima. Karani hakupata jukwaa.

Wamarekani, ambao hupekua watu kwa mamilioni na kwa hiyo wamekosea mara nyingi zaidi kuliko sisi, wanayo kesi ambayo kila mwenye kuandika juu ya jambo hili hana budi kuisimulia. Mwaka 1981 jeshi lao la majini lilimwajiri mtu aitwaye Egan kuwa kiongozi wa vibarua katika kituo cha kutengenezea nyambizi za Trident huko Bremerton, jimbo la Washington, na kwa kuwa kila kazi ya mahali pale ilihitaji kibali cha usalama, akapekuliwa. Mwaka 1983 akaandikiwa kwamba kibali hatakipata: alikuwa na hukumu za zamani za kushambulia na za kukutwa na silaha asiyoruhusiwa kuwa nayo, hukumu nyingine mbili hakuzitaja katika maombi yake, na mwenyewe alikwisha kukiri kwamba zamani pombe ilimtawala. Alijibu kwamba deni lake kwa jamii amelilipa, na kwamba miaka mitatu imepita pombe haimsumbui tena. Haikumfaa. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu kabisa, na mwaka 1988 majaji watano dhidi ya watatu waliamua kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali cha namna hiyo, wala bodi inayosikiliza rufani za watumishi haina mamlaka ya kupima ndani ya uamuzi wa kumnyima.

Hukumu hiyo ni kali, na wapo wanaoitumia kama fimbo. Lakini mtu wa Makambako akiisoma kwa makini atamwonea Egan wivu kwa jambo moja, kwamba aliandikiwa. Aliambiwa sababu moja baada ya moja, akapewa nafasi ya kuzijibu kabla uamuzi haujakaza. Mwaka 1995 amri ya Rais Clinton, Namba 12968, iliithibitisha haki hiyo ya kupewa sababu, kujibu na kukata rufani, na kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2017 zimeorodhesha mambo 13 ya kutiliwa shaka, kuanzia utiifu hadi madeni na ulevi, na chini ya kila jambo zikaweka yale yanayolipunguza uzito: muda uliopita, umri wa mkosaji siku ile, ushahidi wa kujirekebisha, na kama alisema mwenyewe kabla hajagunduliwa. Shaka ikibaki, dola ndiyo hupewa faida yake, hilo hawalifichi. Waingereza nao wanayo sheria ya mwaka 1974 inayofuta hukumu nyepesi baada ya miaka kadhaa ya mwenendo mwema, lakini mara tu ilipoanza kazi waliitolea orodha ya kazi zisizohusika nayo, na za usalama wa taifa zimo. Hakuna taifa lililosahau kabisa, na sidhani kwamba sisi tunatakiwa kusahau.

Ninalolitilia mkazo ni hilo la kusema mwenyewe, kwa sababu nchi yetu imelipima hadharani. Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini, miongoni mwao watu waliokuwa wametumikia umma kwa miaka mingi. Waliondolewa pia watumishi wa darasa la saba, na mwaka uliofuata Serikali ikawarudisha wale walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, isipokuwa waliokuwa wamedanganya kwa cheti. Dereva wa darasa la saba aliyeandika darasa la saba alirudi kwenye usukani. Mwenzake mwenye elimu ile ile, aliyeandika kidato cha nne, hakurudi. Mwaka 2022 wenye vyeti vya kughushi waliruhusiwa kurejeshewa michango yao wenyewe ya hifadhi ya jamii, na wengi walisema kwamba hata hilo lilichelewa. Mimi nasema kipimo kilichotumika kati ya madereva wale wawili ndicho kinachofaa masjala ya siri. Mwenye siri ya aibu anaweza kutishwa kwayo na kila anayeijua, ilhali aliyekwisha kuitaja mbele ya wakubwa wake hana kitu cha kunyang'anywa.

Lakini utamtakaje mtu aseme, hali anaona kwamba aliyesema na aliyeficha wote hujibiwa kwa ukimya ule ule? Kijana wetu wa mbao, akiifikia sehemu ya fomu inayouliza habari za mahakama, hujadiliana na nafsi yake, na marafiki wote watamshauri aandike hapana, kwa kuwa hawajapata kusikia mtu aliyeandika ndiyo akafanikiwa. Hivyo ukimya, ambao umewekwa ili kulinda siri za dola, unawafundisha watumishi wa dola kusema uongo siku ya kwanza ya kuingia. Kenya, ilipoamua kuwapekua majaji wake kwa sheria ya mwaka 2011, haikufanya kwa ukimya. Bodi iliyoongozwa na Sharad Rao iliwaita, ikawasikiliza, na mwezi wa Aprili 2012 ilipotangaza kwamba majaji wanne wa Mahakama ya Rufani hawafai kuendelea, ilitoa na sababu, ambazo watu walizisoma na kuzibishia magazetini. Majaji si makarani, na sitaki habari za karani ziandikwe magazetini. Nataka ziandikwe kwake.

Kwa hiyo mkosaji wa uhaini na wa kuuza siri asirudi masjala, hata akitubu kwa machozi, na ghala la silaha lisifunguliwe kwa mtu aliyewahi kuligeuza duka. Hapo sina insafu zaidi ya hii. Bali kwa makosa yaliyo chini ya hayo iwekwe miaka, ikiwa mitano kama ya mbunge au kumi kwa tahadhari, ambayo ikipita bila kosa jingine, hukumu ya zamani isitoshe peke yake kumnyima mtu kazi. Na anayenyimwa aambiwe, kwa maneno machache yasiyofichua nani alisema, ni jambo gani lililomzuia, apewe siku 30 za kulijibu. Katiba yetu, katika ibara ya 13, tayari inampa haki ya kusikilizwa kila mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote. Na fomu iongezewe ukurasa. Leo inampa mkosaji nafasi ya kutaja kosa, tarehe na mahakama. Impe pia nafasi ya kueleza alivyoishi tangu siku ile, na majina ya watu watatu waliomwona akiishi hivyo, ambao mpekuzi ataketi nao mchana, awaandike, wasome walichoandikiwa, watie sahihi. Mwenyekiti wa mtaa anao mhuri. Huugonga kila siku kwenye barua za kufungulia akaunti benki na za kumdhamini mahabusu polisi, na hatalemewa kuugonga chini ya maneno aliyoyasema kwa mdomo wake mwenyewe.